Jibu la Ylva

Jumapili ile Ylva Hedström alikwenda kula chakula cha mchana kwa mama wa mchumba wake, Torkel, akiwa na pete mpya kidoleni na neno moja alilolisema Ijumaa ambalo Torkel hakulijua bado. Pete alikuwa ameivaa kwa siku nne. Neno lile alikuwa nalo kwa siku mbili, na tangu hapo hakupata usingizi.

Torkel aliendesha polepole kwa sababu theluji ilikuwa bado inaanguka. Mkono mmoja ulishika usukani, wa pili ulishika vidole vya Ylva juu ya goti lake.

"Umekuwa kimya leo," alisema.

"Namwogopa mama yako."

"Kila mtu Norrvåga anamwogopa mama yangu. Hata mimi, na nina miaka arobaini na moja." Alimtupia jicho la upande, lile jicho la kijivu lililokuwa na kicheko ndani yake hata mdomo ukiwa umefungwa. "Lakini leo atakupenda. Nimemwambia mambo yako mengi."

Ylva aligeukia dirishani. Alijua kwamba kabla ya Jumatatu asubuhi lazima amwambie. Alijua pia kwamba akimwambia, mkono ule hautamshika tena hivi.

Jambo lenyewe lilianza miaka miwili nyuma, siku chekechea alikofundisha Ylva ilipounganishwa na shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa uwanja, zote mbili chini ya mwalimu mkuu mmoja, Mona. Mona alimchagua Ylva kuwa mwalimu kiongozi. Nusu ya wiki alibaki na watoto wake wadogo, nusu nyingine aliongoza kundi la walimu saba wa pande zote mbili, waliokutana kila Jumanne watoto wakishaondoka na kuitazama kazi yao pamoja. Hakuwa bosi wa mtu. Mwenzao kamili hakuwa tena. Mona akitaka jambo, alimwambia Ylva alipeleke chini. Walimu wakichukia jambo, walimwambia Ylva alipeleke juu.

Mwanzoni walimu wa msingi walimcheka. "Tumeletewa mama wa nyimbo na gundi atufundishe kufundisha," alisema mzee Bengt, kwa sauti ya kutosha asikie. Siku hiyo Torkel, mwalimu wa darasa la kwanza, alinyanyuka akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa hapa. Mimi nataka kujifunza hizo nyimbo." Kila mtu alicheka, na Ylva akajikuta anacheka pia. Mapenzi yao yalianzia kwenye kiti kile.

Kundi lilikuwa na kanuni moja, na ni Ylva aliyeiandika ubaoni kwa mkono wake: tunayoyasikia humu ndani hayatoki humu ndani. Kila mwalimu alirekodi somo lake moja kwa simu, Ylva akalisikiliza kwanza, kisha wote wakalisikiliza kidogo na kusema wangelifanyaje vizuri zaidi. Bila kanuni ile hakuna ambaye angethubutu.

Mwezi wa kumi zamu ikafika ya Torkel. Ylva alisikiliza rekodi yake akiwa peke yake jikoni, na mwanzoni alitabasamu kwa sababu ya sauti. Ilikuwa sauti nzuri, ya joto. Baadaye tabasamu likamtoka. Katika dakika arobaini za somo, thelathini na tatu zilikuwa za sauti ile. Kulikuwa na msichana, Tindra, ambaye Ylva alikuwa amemlea chekechea kwa miaka minne. Akiwa chekechea, Tindra alisimulia hadithi ndefu kuliko chakula cha mchana; supu ilipoa yeye bado yuko msituni na mbweha wake. Kwenye rekodi Tindra alianza kuuliza swali, Torkel akamjibu kabla hajalimaliza. Akaanza tena, akajibiwa tena. Mara ya tatu vilevile. Baada ya hapo hakusikika. Na kwa miaka miwili mfululizo, nusu ya watoto wa Torkel walikuwa wamemaliza darasa la kwanza bila kusoma vizuri.

Jumanne ile walipokaa mezani, Torkel alimtazama kwa macho ya mtu anayengoja zawadi. Maneno aliyoyaandaa Ylva yakayeyuka. "Darasa lina utulivu sana," alisema. "Torkel amefanya kazi nzuri." Akapita kwa mwingine. Amra, mwalimu kijana wa darasa la pili ambaye ndiye aliyepokea wale watoto wasiosoma, alimtazama, kisha akainamisha uso juu ya kikombe chake.

Wiki sita zilipita. Ijumaa Mona akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Sitaki rekodi zenu," Mona alisema. "Kanuni yenu naijua na naiheshimu. Nina swali moja tu. Ungekuwa na mtoto wa miaka saba, ungempeleka kwa Torkel?"

Angeweza kusema, muulize Torkel mwenyewe. Angeweza kusema, nipe mwezi mmoja nifanye naye kazi. Badala yake alimkumbuka Tindra.

"Hapana," alisema.

"Asante. Jumatatu nitaongea naye. Baada ya Krismasi darasa la kwanza litakuwa na mtu mwingine."

Ndiyo siri aliyokwenda nayo Ylva mezani kwa Gunvor, mama yake Torkel.

Gunvor alikuwa na miaka sabini na minne, mgongo umenyooka kama kiti cha kanisani. Alifundisha darasa la kwanza Norrvåga kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kilekile alichofundisha mwanawe sasa. Aliwapokea mlangoni, akangoja wavue viatu, akaitazama pete ya Ylva bila kusema chochote. Mezani kulikuwa na nyama ya kuoka, viazi, mchuzi mzito wa kahawia na jamu ya beri nyekundu alizochuma mwenyewe.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekaa nyuma ya darasa na kuandika," alisema, akimpa bakuli la viazi.

"Siandiki sana, mama. Nasikiliza."

"Enzi zetu aliyekaa nyuma alikuwa mkaguzi. Mwanamume mwenye koti na mkoba. Siku hizi anatoka chekechea." Alichukua kisu. "Na huko chekechea mnafundisha nini? Mimi nilidhani kazi ni kuwavalisha watoto maovaroli ya theluji."

"Mama," Torkel alisema.

"Mwache aulize," Ylva alisema. "Kuwavalisha ni nusu ya siku, mama. Tukimaliza wa mwisho, wa kwanza anataka kwenda chooni."

Kona ya mdomo wa Gunvor ilisogea kidogo. Walikula. Theluji ilianguka nje ya dirisha, na saa ya ukutani ilisikika. Kisha Gunvor akaweka uma chini.

"Na mwanangu anafundishaje?"

Torkel aliegemea nyuma, akitabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ylva aliendelea kukata kiazi kilichokuwa tayari vipande.

"Watoto wanampenda sana."

"Sikuuliza hivyo."

"Mama, nilikuambia," Torkel akaingilia. "Ylva alisema mbele ya walimu wote. Darasa lina utulivu, na kazi ni nzuri. Hata Bengt alisikia." Alisema kwa fahari ya mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani nyumbani, na Ylva akatamani sakafu ifunguke. Kumbe sentensi ile aliyoitoa kwa woga, yeye alikuwa ameibeba mpaka kwa mama yake.

Gunvor hakumwangalia mwanawe. Alimwangalia Ylva, kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka na kwenda kabatini. Aliporudi alikuwa na vikombe vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu. Torkel alishtuka.

"Hivyo havijatoka tangu tulipomzika baba."

"Nina macho, najua." Gunvor alimimina kahawa, akaweka sahani ya biskuti za aina saba, zote za mkono wake. "Sitakudanganya, Ylva. Nilimtakia mtu mwingine. Nilitaka mwalimu wa msingi, wa huku kwetu. Nimelisema hilo kwake na nalisema kwako. Lakini tangu awe na wewe anaimba akisafisha theluji uani. Miaka kumi sikumsikia akiimba." Alimsogezea kikombe. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Ylva alishika kikombe kile, akakirudisha mezani kwa haraka hata kahawa ikamwagikia kitambaa. Aliomba radhi, akasimama.

"Torkel, nisindikize nje kidogo. Tulete kuni."

Banda la kuni lilinuka utomvu na baridi. Torkel alianza kupanga vipande kwenye kikapu, bado anatabasamu.

"Umemshinda. Vile vikombe, Ylva. Hujui maana yake."

"Najua. Torkel, acha kuni. Nisikilize." Alizifumbata glavu zake mkononi. "Kesho Mona atakuita. Baada ya Krismasi atakuondoa darasa la kwanza."

Tabasamu lilikaa usoni kwa kitambo, kama halijapata habari. "Mona ataniondoa? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kusoma. Na kwa sababu Ijumaa aliniuliza kama ningempeleka mtoto wangu kwako, nikasema hapana."

Torkel aliweka chini kipande cha kuni alichokuwa nacho. Alikiweka taratibu, kama kitu kinachovunjika.

"Wewe ndiye uliyesema hapana."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu niliposikiliza rekodi."

"Wiki sita," alisema. Hakupandisha sauti, Ylva angependa apandishe. "Wiki sita umelala mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chako, na unajua. Jumatano nilikuvisha pete, na unajua."

"Nilitaka kukuambia. Kila siku. Nilikuwa nikikutazama usoni nashindwa."

"Kushindwa nini? Uliogopa nitakupiga? Nitakuacha?"

"Niliogopa kukuona unaumia."

"Ningeumia, ndiyo. Siku mbili ningenuna. Siku ya tatu ningekuuliza, basi nifanyeje? Kwani mimi ni nani, Ylva? Ni mimi niliyekuvutia kiti nikasema nataka kujifunza. Ulidhani natania?"

Ylva aliinamia glavu zake. Alikuwa amedhani, kweli, kwamba ni utani.

Torkel alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. "Ni mtoto gani?" aliuliza.

"Unasemaje?"

"Huwezi kusema hapana hivihivi. Kuna mtoto uliyekuwa unamfikiria. Ni nani?"

"Tindra."

"Tindra haongei."

"Alikuwa anaongea," Ylva alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Chekechea hakuwa ananyamaza."

Aliona neno lile linavyomwingia. Liliingia polepole, kisha lote kwa pamoja. Torkel alifunika uso kwa viganja vyake, na nje theluji ikateleza kutoka paani. Ylva alipiga hatua moja kumsogelea. Torkel aliinua mkono kumzuia, bila kumtazama.

"Labda hapana ni jibu sahihi," alisema hatimaye. "Mungu wangu, labda ni sahihi. Lakini mtu wa kwanza kulisikia alikuwa Mona. Mimi ndiye niliyelala kando yako."

Mlango wa banda ulilia. Gunvor alikuwa amesimama pale na sweta lake begani, theluji kwenye nywele. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Mwaka wangu wa tatu, mkaguzi alikaa nyuma siku nzima," alisema. "Jioni akaniambia, 'Bi Gunvor, unafundisha viti na meza. Watoto umewasahau.' Aliniambia mimi, usoni. Nilimchukia mwezi mzima, kisha nikafanya alichosema, na watoto wakasoma." Alimgeukia Ylva, na hapakuwa na ukali katika sauti yake. "Mimi nimeuliza mezani makusudi. Niliona huna raha. Ningekuheshimu ungesema palepale, hata kama chakula kingepoa. Wewe ulimwonea huruma mwanangu. Ukamwacha peke yake na kosa lake."

"Nisamehe, mama."

"Mimi si wa kukusamehe. Ingieni ndani, mtaugua."

Hakuna aliyeingia. Siku za Jumapili hakukuwa na basi, kwa hiyo Torkel ilibidi amrudishe. Kilomita ishirini na mbili, wala hakuwasha redio. Walipofika nyumbani kwa Ylva, Torkel alinyoosha mkono mbele yake na kuusukuma mlango wa gari ulioganda kwa baridi, kama alivyofanya kila mara, na Ylva alihisi joto la bega lake likipita na kuondoka.

"Kesho nitakwenda kwa Mona kabla hajaniita," alisema.

"Na sisi?"

Torkel alitazama kioo cha mbele. "Siwezi kukuoa, Ylva. Nakupenda, hilo halijaisha, nadhani halitaisha upesi. Lakini kila utakaponisifia nitajiuliza ni nani uliyemwambia kweli. Mtu hawezi kuishi hivyo. Hata wewe huwezi."

Ylva alivua pete. Ilimchukua muda kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na Torkel alingoja, akiwa ameinamisha kichwa. Alipoipokea aliifumbata kiganjani bila kuitia mfukoni, na bado alikuwa ameifumbata alipoondoka.

Jumanne viti saba vilijaa. Ylva hakutegemea Torkel aje, lakini alikuja, akakaa mahali pake karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu mwenye mafua. Ylva alibaki amesimama.

"Leo sitaongoza mpaka niwaambie jambo," alisema. "Nimevunja kanuni yetu. Sikumpa Mona rekodi, lakini nilimpa jibu lililotokana na rekodi. Na aliyehusika sikuwa nimemwambia ukweli. Hapa mbele yenu nilimdanganya."

Bengt alisukuma kikombe chake. "Basi tufunge hii kitu twende nyumbani. Mimi tangu mwanzo nilisema."

"Ulisema mengi, Bengt," alisema Amra. "Mimi pia niliona, sikusema. Watoto wale wanakuja kwangu kila mwaka. Nilisubiri Ylva aseme."

Kisha Torkel akatoa simu yake, akaiweka katikati ya meza.

"Sikilizeni rekodi yangu," alisema. "Yote. Na safari hii mseme."

Waliisikiliza dakika zote arobaini. Ylva aliketi akimwelekea Torkel, na rekodi ilipofika kwa Tindra, aliinua kidole. "Simamisha. Rudisha kidogo. Hapo, umesikia? Tindra amevuta pumzi. Anataka kuendelea. Wewe umejibu."

"Nimesikia," Torkel alisema. Alikuwa na kalamu mkononi. "Ningengoja muda gani?"

"Mpaka kimya kikutie aibu. Halafu kidogo zaidi."

Aliandika. "Na nikingoja, asiseme?"

"Unarudia maneno yake aliyokwisha kusema. Huongezi ya kwako. Unamtazama tu."

Waliongea hivyo karibu saa nzima, swali kwa jibu, vichwa vyao vimeinamia simu moja. Hata Bengt alisema kwamba naye huwa anafanya hivyo. Ilikuwa Jumanne bora kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na Ylva, akiisikia ile sauti ya joto ikimwuliza kwa unyenyekevu, alijua kwamba mazungumzo haya ndiyo yangewaokoa, laiti yangefanyika wiki sita nyuma, jikoni kwake, mbele ya kahawa.

Mona alipoona juhudi zile alikuwa tayari kubadili mawazo. Torkel ndiye aliyekataa. Alipata kazi katika shule nyingine, mwendo wa saa tatu kaskazini, na alitaka kwenda. Kila asubuhi kupitana na Ylva uwanjani, alimwambia Mona, hakuweza.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi Torkel alimkuta Ylva kwenye chumba cha kuvulia makoti cha chekechea, akipanga buti ndogo. Alikuwa na sanduku la vitabu mikononi.

"Tindra amesimulia leo," alisema. "Mbwa wa mjomba wake ameiba nyama ya Krismasi. Dakika kumi na moja, Ylva. Watoto wote kimya, wanamsikiliza yeye. Mimi nilikaa sakafuni."

"Hukumkatiza?"

"Mara moja tu. Akaniambia, 'Ngoja.'"

Ylva alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kilio katikati. "Ni kazi nzuri, Torkel. Ni kazi nzuri kweli."

Torkel alimtazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta kama anadanganywa tena. Alipoona kwamba ni kweli, alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaweka sanduku sawa kifuani na kutoka.

Ylva alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfikia kifuani, akalia bila kuficha uso. Amra ndiye aliyemkuta. Hakuuliza kitu. Alikaa kando yake kwenye benchi lilelile fupi, akamshika mkono, na wote wawili wakasikia gari likiwashwa nje, likichelewa kidogo, kisha likiondoka.

"Jumanne ya kwanza baada ya likizo ni zamu yangu kurekodiwa," Amra alisema baadaye. "Naogopa. Lakini uniambie."

"Nitakuambia," Ylva alisema, akijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Wewe wa kwanza."